Mkoba wa Thabit

Sheha Abrahman alimsikiliza Bi Ghania mpaka akamaliza, kisha akavaa miwani na kufungua jalada la mipango ya serikali.

"Zawadi," alisema. "Ya bure."

"Ya bure, ama ya bei ndogo, Sheha. Madhali ina sura ya zawadi."

Sheha alipitisha kidole kwenye karatasi. Kulikuwa na miche ya mikarafuu, mitano kwa kila kaya, kwa sharti la kuwa na shamba. Kulikuwa na vifaranga vya ruzuku, lakini uandikishaji ulikuwa umeshafungwa. Vyandarua vingekuja baada ya mvua, mbu wakiwa wameshashiba. Kwenye mpango wa kaya maskini jina la Bi Ghania halikuwamo, maana nyumba yake ilikuwa ya mawe.

"Ya mawe, na ukuta mmoja ushalala chini," alisema Bi Ghania.

"Fomu haiulizi kuta zilizolala. Yauliza mawe ama udongo."

"Basi hiyo mikarafuu."

"Una shamba?"

Bi Ghania alicheka kidogo kwa pua. Babu yake alikuwa na mikarafuu ambayo hakuwahi kuihesabu, na miongoni mwa waliokuwa wakiichuma ni babu yake Sheha Abrahman. Wote wawili walilijua hilo, na wote wawili wakatazama dirishani.

"Kuna huu mwengine," Sheha alisema, akifungua ukurasa wa mwisho. "Mkoba wa Mama. Huu ndo wenye sura ya zawadi khasa. Mwanamke akihudhuria kliniki mara nne, akishazaa hupewa mkoba wake. Beseni la kuogeshea, doti ya kanga, blanketi, nguo za mtoto, sabuni..." Kidole chake kilisimama. Akavua miwani. "Nsamehe, Bi Ghania. Nlisahau."

"Haidhuru, Sheha."

Lakini ilidhuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani Tibirinzi Bi Ghania aliuhesabu ule mkoba kitu kimoja kimoja, na kila alipofika kwenye blanketi alianza upya.

Arobaini iliyokuwa ikija ilikuwa ya mtoto wa Rumaitha, wifi wa binti yake Maisa. Rumaitha na Maisa walichukua mimba mwezi mmoja, wakawa wakicheka kwenye simu kuhusu vichefuchefu vyao. Rumaitha alijifungua wa kwanza, huko kwa mama yake Madungu, mtoto wa kiume aliyeitwa Ridha. Siku tatu baadaye Maisa, aliyekuwa amekuja kwao kujifungua kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua kubwa. Gari haikupatikana. Mkunga wa mtaani ndiye aliyewahi kufika. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, na hakulia. Mkunga alimpuliza, akampigapiga nyayo, akamsugua kwa kanga mpaka jasho likamtiririka, na mtoto hakulia. Alizikwa kabla ya adhuhuri nyuma ya nyumba, pembeni mwa mlimau, wanaume wanne na jembe moja. Hakupewa jina, kwa kuwa mtaani hapo asiyelia haitwi. Siku ya tatu maziwa ya Maisa yakaja, na mama yake akamfunga kifua kwa kanga.

Mama wa mumewe na wa Rumaitha, Bi Saada, hakuja. Alituma neno kwamba kisicholia hakina matanga.

Mumewe mwenyewe, Mundhir, alikuwa dereva Maskati. Alipiga simu mara moja, akauliza ilikuwaje, Maisa akaanza kueleza, na mtandao ukakatika. Haukuunganika tena. Ilivyosikika ni kwamba ujumbe wa sauti alikuwa akimrekodia mama yake tu, na mama yake alikuwa akisema kwa watu kwamba mwanawe anahitaji mke mwenye tumbo la heri. Bi Saada alikuwa hajafunga mlango moja kwa moja. Alisema mbele ya wanawake watano, na wote watano wakamfikishia Bi Ghania: "Nangojea siku ya arobaini nione. Kama huko Tibirinzi bado watutambua, tutajua kwa watakachokuja nacho."

Siku ya harusi ya Maisa, Bi Saada alileta kasha lenye doti kumi na tano. Bi Ghania alikuwa na kofia moja ya kushona kwa mkono, hata nusu haijafika, na macho yake yalikuwa yanachoka kabla ya uzi kuisha. Basi mambo yalikuwa hivyo. Ndoa ya mwanawe ilikuwa imening'inia kwenye zawadi, na zawadi haikuwepo.

Kituo cha afya kilijaa wanawake na vilio vya watoto. Bi Ghania alisimama kwenye foleni ya dirisha la Mkoba wa Mama akiwa ameishika kadi ya kliniki ya Maisa kwa mikono miwili. Kadi ilikuwa na mihuri minne. Mhuri wa tano haukuhitajika.

Muuguzi wa dirishani alikuwa Petronila, mtu wa Bukoba, mwaka wake wa tatu Pemba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu. Wambaje, sista?"

"Salama. Mzazi mwenyewe yuko wapi? Na mtoto?"

"Wamo ndani. Hawajatoka arobaini."

Petronila aliitikia kwa kichwa. Mwaka wake wa kwanza aligombana na kila bibi kuhusu arobaini, akiwaambia utaratibu unataka mama na mtoto waonekane, mpaka mabibi wakaacha kuja na mikoba ikarundikana stoo. Siku hizi alikuwa amechora safu yake mwenyewe kwenye rejista, yenye kichwa cha maneno "Amechukua bibi".

"Lakini wote wazima?"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Ghania.

Petronila akaandika kwamba wote wazima.

"Mtoto gani?"

"Wa kiume."

"Uzito wakati wa kuzaliwa?"

"Tulizalia nyumbani, sista. Mvua."

"Kadiria tu, bibi."

Bi Ghania alikuwa amepima unga na sukari maisha yake yote. Mikono yake ilikumbuka bila ya kuulizwa mara ya pili. "Kilo tatu kasoro," alisema. "Kasoro kidogo sana."

"Jina?"

Hilo hakuwa amelitayarisha. Nyuma yake mwanamke mmoja alikohoa kwa kuchoka kusubiri. Bi Ghania alitazama kalamu ya muuguzi, ikiwa imekaa tayari juu ya karatasi, na jina likatoka lenyewe, kwa sababu lilikuwa ndilo jina lililokuwa likimngoja mtoto yule tangu wazazi wake walipofunga ndoa. Mzaliwa wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Marehemu mume wa Bi Saada aliitwa Thabit.

"Thabit," alisema. "Thabit Mundhir Thabit."

"Jina zuri. Simu ya mama ni hii iliyoko kwenye kadi?"

"Ndo hiyo."

Petronila aliandika kadi ya mtoto, ya rangi ya manjano, akaichomeka katikati ya mikunjo ya blanketi isije ikalowa. Alisema kwamba ameiweka humo. Bi Ghania hakusikia, alikuwa ameshageuka, mkoba ameukumbatia kifuani, na miguu yake ilikuwa ikitaka kukimbia kama ya mwizi. Alijiona mwizi. Lakini alipofika barabarani na mtu akamwambia hongera kwa mjukuu, alimjibu ahsante.

Mkoba ulikuwa na maandishi makubwa ya kijani ubavuni: MALI YA SERIKALI, HAUUZWI. Bi Ghania alijaribu kuyasugua kwa mafuta ya taa, yakazidi kung'aa. Akaamua kuvitoa vitu vyote na kuvipanga ndani ya lile beseni, avifunge kwa nailoni ya maua ya shilingi elfu mbili. Mkoba mtupu akausukuma chini ya kitanda.

Alikuwa jikoni siku ya pili yake, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, Maisa alipoingia na simu mkononi.

"Mama," Maisa alisema. "Thabit ni nani?"

Bi Ghania aliacha kukuna.

Maisa akamsomea. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua. "'Hongera, Mama Thabit. Mtoto wako sasa ana wiki tano. Anakutambua kwa harufu na kwa sauti. Zungumza naye kila siku.'" Akainua macho. "Yatoka serikalini."

"Walinuliza jina, mwanangu. Ungetaka nseme nini?"

"Ungesema hana."

"Asiye na jina hapewi mkoba."

"Umempa jina kwa ajili ya beseni."

"Nimempa kwa ajili yako weye," Bi Ghania alisema, na kifuu kikamponyoka. "Keshokutwa ni arobaini ya mtoto wa Rumaitha. Twende mikono mitupu, Bi Saada apate la kumwambia mwanawe? Wamjua. Atamwambia hao hata kumtunza mtoto zawadi hawawezi, waache. Urudi hapa uozee na miye? Nimeomba kwa Sheha, n'katajiwa miche ya mikarafuu. Miye, Maisa. Mikarafuu."

Maisa alikaa kizingitini. Kifua chake kilikuwa bado kimefungwa ile kanga, maana maziwa hayakuwa yameisha, na kila mtoto wa jirani alipolia yalirudi. Bi Ghania aliogopa kuendelea kukuna.

"Thabit," Maisa alisema polepole, kama anayeonja chumvi. "Ndo lile alilolitaka Mundhir. Alinambia akiwa wa kiume hakuna mashauri."

"Najua."

"Sijamwita hata mara moja, mama. Nlimbeba miezi tisa, sikujua n'mwite nani."

Bi Ghania alilia hapo, kwa kwikwi, na Maisa hakulia. Alikwenda chumbani, akalitoa lile blanketi la buluu ili alikunje vizuri kwa ajili ya beseni, maana mama yake hakuwa na mkono wa kukunja. Kadi ya manjano ikaanguka mapajani mwake.

Aliisoma. Jina la mtoto, jina la mama, tarehe, uzito: kilo tatu kasoro. Chini yake kulikuwa na safu za chanjo, visanduku vitupu vingi, na mchoro wa mstari unaopanda wa mtoto anayekua. Alikaa nayo mpaka adhana ya alasiri. Kisha akalikunja blanketi mara nne, akairudisha kadi mahali pale pale ilipokuwa, akaliweka juu ya vitu vingine na kufunga nailoni mwenyewe. Alijua kitakachotokea. Alitaka mtu mmoja tu, siku moja tu, alitamke jina lile mbele za watu.

Nyumba ya Bi Saada huko Madungu ilinukia udi na pilau. Akika ilikuwa imecheleweshwa ili ifanywe pamoja na arobaini, na mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa. Baada ya maulidi, wanaume wakibaki barazani, wanawake walijaa chumba cha ndani kwa ajili ya kutunza. Rumaitha alikaa juu ya godoro akiwa na hina mpya na mtoto Ridha mapajani, mnene, amelala, mdomo wazi.

Maisa na mama yake walikaa karibu na mlango. Wanawake waliwasalimia kwa sauti ndogo, na mmoja alivuta mkono wa mwanawe mdogo asikae karibu na Maisa. Hakuvuta kwa nguvu. Alimvuta tu.

Mwenye kutangaza zawadi alikuwa Bi Mize, ambaye hakuna shughuli Chake Chake nzima iliyopita bila sauti yake. Kila kitu alikiinua juu, akakigeuza kila mtu akione, akamtaja aliyekileta.

"Doti mbili na sabuni sita, kutoka kwa Bi Riziki. Ahsante Bi Riziki. Hii pete ya fedha ya mtoto, kutoka kwa shangazi yake. Tuioneni pete. Na hili beseni..." Bi Mize alilitikisa kidogo kupima uzito wake, na uso wake ukakubali. "Hili beseni zima lafunguliwa, latoka Tibirinzi, kwa wakwe. Kwa Bi Ghania na Maisa."

Minong'ono ikasikika, na ilikuwa minong'ono mizuri. Bi Saada, aliyekuwa amesimama kwa nyuma na tasbihi mkononi, alinyoosha shingo. Nailoni ikachanwa. Bi Mize alitoa kanga, akazisifu. Alitoa nguo za mtoto na kikofia. Bi Ghania alimtazama Bi Saada na kuona, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, kwamba kichwa cha mwanamke yule kilikuwa kikiitikia. Akapumua. Kwa muda wa kumeza mate aliamini kwamba yamekwisha.

"Na blanketi," alisema Bi Mize. "Blanketi la dukani khasa, laini hili, lishikeni." Akalikunjua kwa mkupuo mmoja, akalitandika juu ya miguu ya Ridha. Kadi ikaruka, ikatua kwenye godoro. Bi Mize, ambaye hakuwahi kuacha maandishi yapite bila kuyasoma, aliiokota akidhani ni kadi ya salamu. "Na kadi yake. 'Thabit Mundhir Thabit. Amezaliwa...'"

Akaendelea kusoma mpaka kwenye tarehe, kwa sababu sauti yake ilikuwa imezoea kwenda. Tarehe ndiyo iliyomsimamisha. Kila mwanamke mle ndani aliikumbuka mvua ya siku ile.

Rumaitha aliliangalia blanketi lililokuwa juu ya mwanawe. Alikuwa msichana mwema na alikuwa akimpenda Maisa, lakini alilivuta kwa ncha za vidole viwili na kuliacha lianguke sakafuni, akamkumbatia Ridha mpaka akaamka na kulia. Maisa alishika kifua chake.

"La maiti," alisema mtu kwa chini. "Wamemletea mtoto la maiti."

"Halijawahi kuvaliwa," Bi Ghania alisema. "Wallahi ni jipya. La serikali." Na aliposema la serikali alisikia jinsi lilivyosikika, na akatamani ardhi immeze.

Bi Saada alikuwa ameshafika mbele. Alimnyang'anya Bi Mize ile kadi, akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Aliposoma jina la kwanza na la tatu, tasbihi ilimtoka mkononi. Hakuiokota.

"Nani kamwita hivi?" aliuliza.

Alimtazama Bi Ghania, kisha Maisa.

"Hili la mume wangu," alisema. Kisha, kwa sauti isiyokuwa yake kabisa: "Mbona sikuambiwa?"

Alipiga magoti kwa tabu, akaliokota blanketi, akalikunja, akaitia kadi ndani. Akakusanya kanga, nguo, kikofia, sabuni, akavirudisha vyote kwenye beseni, na chumba kizima kikimtazama akalisukuma beseni sakafuni mpaka kwenye miguu ya Bi Ghania.

"Chukueni chenu," alisema.

Wakatoka. Bi Ghania alilibeba beseni kichwani kutoka Madungu mpaka Tibirinzi mchana kweupe, nailoni iliyochanika ikipepea, na watu wakiuliza kulikoni.

Jumatatu walikwenda kituoni wote wawili. Bi Ghania alikuwa amevirudisha vitu ndani ya ule mkoba wa maandishi ya kijani, akauweka mbele ya Petronila na kusema yote kwa pumzi moja.

Petronila alisikiliza. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi, nilikuuliza kama wote wazima."

"N'kasema alhamdulillahi."

"Ndiyo. Nami nikaandika." Alivuta mkoba, akautazama, akaurudisha. "Siwezi kuupokea. Umeshafunguliwa, na mfumo hauna mahali pa kurejesha. Ukirudi stoo itabidi niseme umetoka wapi, na mimi ndiye niliyetoa bila kumwona mtoto. Kaeni nao." Akamgeukia Maisa, sauti ikashuka. "Dada, pole. Pole sana. Ninachoweza ni kumfuta mtoto kwenye orodha, ili zile meseji zisije tena. Ila lazima utie sahihi wewe mwenyewe. Hapa."

Akampa kalamu. Maisa aliishika.

"Nikitia sahihi, jina nalo litafutika?"

"Jina na kila kitu."

"Kwa hiyo atakuwa hakuzaliwa."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu.

"Madungu sasa jina lake hawalitaji hata kwa bahati mbaya," Maisa alisema. "Baba yake hajalitaja. Mtaani nikipita watu hunyamaza. Ni hiyo simu tu, sista, ndo inomwita." Akaiweka kalamu juu ya meza. "Muache."

"Ataonekana amekosa chanjo zote."

"Azikose."

Petronila alifunga rejista bila ya kuandika kitu. Alikuwa anavunja utaratibu kwa mara ya pili kwa ajili ya mtoto yule yule, na safari hii alijua.

Bi Saada alikuja wiki ya kumi na nne. Alibisha hodi asubuhi, akakaribishwa, akakaa juu ya mkeka na miguu yake ya kuvimba ameinyoosha mbele. Chai ikaletwa, hakuinywa. Alikuwa na bahasha kwenye mkoba wake wa mkono, na wote watatu walijua ni ya nini kabla hajaitoa.

"Mundhir kaiandika huko huko, akanitumia picha," alisema. "N'meichapisha pale steshenari." Akaiweka mkekani. "Moja tu. Si tatu."

Maisa aliitazama bahasha. Hakuigusa. Alikuwa ameingojea kwa siku nyingi na sasa imekuja, ikiwa nyepesi, imechapishwa kwa wino unaofifia. Bi Ghania alijikaza asiseme neno, kwa sababu angeanza asingenyamaza, na zaidi ya yote angeomba. Alikuwa tayari kuomba, na alilichukia hilo nafsini mwake.

"Hakutaka hata kuniona uso," alisema Maisa. "Haya."

Simu yake ikalia pale dirishani, mlio mfupi wa ujumbe. Bi Ghania alinyanyuka haraka kuizima, maana tarehe aliijua.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Saada.

"Si mtu," alisema Bi Ghania.

"Ni wa Thabit," alisema Maisa.

Bi Saada hakutikisika. "Soma."

Maisa akasoma. "'Mama Thabit, mtoto wako ana wiki kumi na nne. Sasa anacheka kwa sauti akichezewa na watu wa nyumbani. Mlete kituoni kwa chanjo yake ya tatu.'"

Kuku walipita uani. Bi Saada aliushika ushungi wake, akaupeleka mdomoni.

"Soma tena," alisema.

Maisa akasoma tena. Safari hii alipofika kwenye kucheka alisita, na Bi Saada alingoja mpaka akaendelea.

"Siku ile n'lisema kisicholia hakina matanga," alisema Bi Saada. "Sikujua kama kina jina." Alikuwa mwanamke mgumu na hakuomba radhi, hakuwa akijua njia ya kuomba. Aliinuka, akauliza mlimau uko upande gani, akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Alikaa huko muda wa kutosha chai kupoa kabisa. Bahasha aliiacha palepale mkekani, na talaka ilibaki talaka.

Lakini mwezi uliofuata alirudi, siku ile ile ya ujumbe, na mwezi baada ya huo pia. Mundhir alikuwa ameshaozwa msichana wa Fundo. Bi Saada hakumzungumzia, na wenyeji wake hawakumuuliza. Alikuwa akiingia, akitoa salamu, akikaa mkekani jikoni karibu na Bi Ghania, akisubiri. Nyumbani kwake alikuwa na Ridha mzima, anayetambaa chumba kizima na kuvuta vitu. Hata hivyo alikuja. Maisa alikuwa akisoma, mara mbili, kisha Bi Saada akisema, "Haya, Mungu amkuze," akiaga na kwenda zake. Mara ya kwanza Bi Ghania alipoisikia dua hiyo nywele zilimsisimka. Mara ya tatu aliitikia amin.

Mwezi wa tisa wa Thabit ujumbe uliwahi. Bi Ghania alikuwa ndio kwanza amemaliza kukuna nazi, mbuzi iko sakafuni, ulimi wake wa chuma ukiwa na machicha. Bi Saada alikuwa amepewa chai ya moto, kikombe amekiweka chini pembeni mwa mkeka. Maisa aliegemea mlango, akafungua simu.

"'Mama Thabit,'" alisoma, "'mtoto wako sasa anasimama kwa kushikilia, na anafika kila mahali. Ondoa sakafuni vitu vya moto na vyenye makali.'"

Alisoma mara moja tu. Hakuna aliyemwambia asome tena.

Bi Saada alikiangalia kikombe chake. Akakinyanyua taratibu, akajivuta mpaka dirishani, akakiweka juu ambako mkono mdogo haufiki. Bi Ghania naye aliinuka, akaikunja mbuzi, akaipangusa kwa upindo wa kanga, na kuitundika kwenye msumari.